Vichwa vya kamba siyo dagaa. Andika unachouza

Leo nataka tuongelee hii bidhaa inayozunguka sana kwenye magrupu na stetasi za WhatsApp: kiroba cha unga wa kahawia, harufu kali, tangazo linasema "PROTINI YA KUKU ASILIMIA 60, broila wanakua chap". Picha nzuri, bei chini ya dagaa, usafiri mpaka Dar unajadiliwa. Ukiuliza kilichomo ndani unaambiwa "mchanganyiko wa dagaa". Ukibana zaidi unaambiwa "boss, wewe jaribu tu kilo kumi".

Mimi nauza vyakula vya mifugo hapa Kibiti, dukani na mtandaoni, na huo unga naujua unakotoka. Mwingi ni vichwa vya kamba kutoka Delta. Vingine ni vumbi la dagaa lililobaki chini ya magunia, vingine damu ya machinjioni, na vingine ni mchanga wa pwani uliochanganyikiwa humo. Msimamo wangu ni kwamba vichwa vya kamba ni bidhaa nzuri, vina soko, ila viuzwe kwa jina lake. Anayeviita dagaa anaua soko la sisi wote tunaokaa huku, maana mteja wa Mbagala au Chanika akishaliwa mara moja hamkumbuki muuzaji mmoja, anakumbuka kwamba "mzigo wa Kibiti ni wa kitapeli".

Nianze na kwa nini mfugaji anautafuta huo unga. Broila anauzwa akiwa na wiki tano au sita. Ndani ya muda huo anatoka gramu arobaini na kitu mpaka kilo moja na nusu, mbili. Ni wanyama wachache wa kufugwa nyumbani wanaokimbia hivyo, na mwili hauwezi kujengwa kwa mahindi peke yake. Kifaranga anataka chakula chenye protini kama asilimia 20 mpaka 23 mwanzoni, halafu inashuka kidogo kidogo. Mahindi yana kama 8 au 9 tu. Mashudu ya alizeti yanasaidia, ila yana makapi mengi na yamepungukiwa laisini, ambayo ni moja ya vile viungo vya protini ambavyo kuku hawezi kujitengenezea mwilini. Soya ni nzuri lakini bei yake mnaijua, na lazima ikaangwe, ikiwa mbichi inamzuia kuku kusaga chakula. Ndiyo maana wafugaji wanapenda kitu kilichotoka kwa mnyama: dagaa, damu iliyokaushwa, nyama na mifupa iliyosagwa, na hivi vichwa vyetu vya kamba. Kidogo tu kinaziba pengo kubwa.

Na chakula ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwenye banda la broila. Vifaranga, mkaa, dawa, vyote ukijumlisha havifiki alipofika chakula. Kwa hiyo mtu akiona protini ya bei poa mtandaoni, moyo unamdunda. Huyo ndiye mteja wetu. Mara nyingi ni mama aliyepewa mkopo wa kikundi akanunua vifaranga mia, au kijana mwenzangu aliyemaliza kidato cha nne akaambiwa kuku wanalipa. Hana banda la pili la kufidia hasara. Vifaranga mia wakidumaa wiki mbili za mwanzo, ni vigumu kurudi tena, na marejesho ya kikundi hayasubiri kuku wanenepe.

Sasa tuje kwenye hizo asilimia 60.

Maabara ikipima protini ya chakula cha mifugo, kwa kawaida haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni, halafu inazidisha kwa 6.25. Kwenye dagaa safi hesabu hiyo inakaa vizuri. Kwenye kamba inadanganya kidogo, kwa sababu ganda la kamba lina kitu kinaitwa kaitini, nacho kina naitrojeni. Kipimo kinaisoma kaitini kama protini, wakati tumbo la kifaranga haliwezi kuisaga vizuri. Kwa hiyo hata mtu mwenye karatasi halali ya maabara inayosema vichwa vyake vina protini 45, kuku hapati 45. Anapata pungufu. Na yule asiye na karatasi yoyote anayeandika 60? Ameokota kwenye tangazo la mwenzake, basi. Dagaa wenyewe waliokauka vizuri, bila mchanga, ndiyo wanacheza kwenye 50 na kitu mpaka 60 na kidogo. Damu iliyokaushwa ndiyo inafika 80. Vichwa vya kamba kusema 60, hapana.

Huu mchezo wa naitrojeni siyo wa huku kwetu tu. Mwaka 2008 kule China walikuwa wanatia melamini kwenye maziwa yaliyopunguzwa kwa maji ili kipimo kisome protini nyingi. Melamini ina naitrojeni tele na protini haina hata chembe. Watoto wachanga kwa maelfu waliugua figo, na wengine walikufa. Kwa kuku, wajanja wanaweza kutumia urea, mbolea ile ile ya shambani. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyoweza kuitumia urea kwa kiasi kidogo. Kuku hana hilo tumbo. Kwake ni sumu na hasara.

Mchanga nao una hesabu yake, tena naomba uisome taratibu kwa sababu ndiyo inayowaponza watu wakidhani ni kitu kidogo. Mfugaji anachanganya kilo 100 za chakula cha kuanzia, anaweka kilo 6 za dagaa. Kama ni dagaa wa 55, wamemletea kilo 3.3 za protini. Kama ni vumbi lililojaa mchanga, la 30, wamemletea kilo 1.8. Pengo ni kilo moja na nusu, yaani chakula alichokipanga kiwe na 21 kinashuka mpaka 19.5. Ukikitazama kwa macho huoni tofauti. Lakini kilichopungua ni ile laisini ambayo mahindi na mashudu hayana uwezo wa kuirudisha. Kuku wanakula vizuri kabisa, wanamaliza chakula, na hawakui. Mfugaji anamlaumu muuza vifaranga.

Chumvi ni mbaya kuliko mchanga. Huku Delta kamba na samaki wengi wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na kwa chakula cha watu hakuna shida. Sasa chukua mzigo wenye chumvi asilimia 10, mfugaji akaweka kilo 10 kwenye 100 kwa sababu tangazo lilimwambia "weka kwa wingi, ni asilia". Hapo tayari ameingiza kilo nzima ya chumvi, na bado karatasi yake ya mchanganyiko inamwambia aongeze gramu 300 za chumvi ya kawaida. Kifaranga anatakiwa apate kama theluthi moja ya kilo kwenye kilo 100, siyo kilo na ushee. Atakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, kinyesi kinakuwa maji, pumba za kulalia zinalowa, matumbo yanajaa maji, na wadogo wanaanza kufa. Nimeulizwa dukani mara nyingi dawa ya "kuharisha" kwa kuku waliokuwa na tatizo hili tu. Ukiwauliza wanakula nini, wanakutajia kiroba cha mtandaoni. Dawa yake ni kutoa kile chakula na kuwapa maji safi, wala hahitaji kununua kichupa changu.

Kwa hiyo, wewe unayeuza, unafanyaje kabla hujaposti?

Mimi mzigo ukifika nachukua glasi ya maji, natia vijiko viwili vya unga, nakoroga, naacha dakika chache. Mchanga unakaa chini peke yake, unauona. Ukitaka kujua kama wamechanganya kombe au chokaa iliyosagwa, kamulia ndimu juu ya unga kidogo. Ikitoa povu jingi kama soda, kuna chokaa. Vichwa vya kamba vitatoa povu kidogo kwa sababu ganda lenyewe lina chokaa, ila ukishazoea unajua povu la kamba na povu la udanganyifu. Kwa urea, kuna njia ya wazee wa maabara: loanisha unga wako, changanya na unga wa soya mbichi, funika mahali pa joto. Soya mbichi ina kimeng'enyo kinachoivunja urea, ikiwepo utapata harufu kali ya mkojo kuliko ulivyoanza nayo. Pua lazima uwe umeizoesha harufu ya mwanzo, maana kamba waliochelewa kukaushwa nao wana harufu ya aina hiyo.

Na hapo kwenye kuchelewa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ubora wa mzigo wetu unapopatikana au kupotea. Kichwa cha kamba ndimo ilimo sehemu kubwa ya matumbo yake. Kinaoza haraka kuliko nyama ya mkiani. Kamba akikatwa kichwa asubuhi, hicho kichwa kikalala kwenye ndoo mpaka kesho, hata ukikikausha kama mfupa ni uozo uliokauka. Wanaoleta mzigo mzuri ni wale wanaoanika siku ile ile, juu ya chanja, siyo chini kwenye mchanga. Tofauti ya chanja na mchanga ndiyo tofauti ya bei yangu ya kununulia, na nawaambia wazi wakinamama wanaonikusanyia kule Salale na Mbuchi: aliyeanika kwenye chanja namlipa zaidi. Walianza kwa kulalamika kwamba chanja ni kazi. Sasa hivi hata simu wanapiga, "mwanangu, za chanjani zipo tayari, njoo Nyamisati."

Masika ni habari nyingine. Jua hakuna, maji yanapanda, na kila aliyekuwepo Aprili 2024 anajua Rufiji ikiamua kuja inakujaje. Kipindi hicho watu wanataka kukausha kwa moto, na kuni zilizo karibu ni mikoko. Mikoko ni hifadhi, kuikata bila kibali ni kosa, na kamba wenyewe wanakulia humo kwenye mizizi yake. Mimi masika nasema stoo imeisha, basi. Mteja anayekukuta na mzigo mkavu mwezi wa nne ajiulize umekaushwa na nini, au umekaa ghalani tangu lini na una ukungu kiasi gani.

Damu. Nauza kidogo sana, tena kwa oda, na kuna watu wananishangaa. Kwa protini damu haina mpinzani na ina laisini nyingi, lakini haijakamilika, kuna viungo vingine imepungukiwa, kwa hiyo kilo 2 mpaka 3 kwenye 100 zinatosha, ukizidisha kuku wanagoma kula. Shida yangu kubwa ni ilikotoka. Damu ya machinjio yenye mkaguzi wa nyama, ikachemshwa ikaiva ndipo ikaanikwa, sawa. Damu ya ng'ombe aliyejifia porini, hapana, usiguse hata kwa mkono. Kimeta kipo Tanzania, na vimelea vyake vinajifungia kwenye ganda vinavumilia ukavu na joto miaka mingi. Huwezi kuona kwa glasi ya maji wala kwa ndimu.

Halafu kuna suala ambalo magrupu mengi yanalikwepa. Wateja wetu wengi huku Pwani ni Waislamu, na wanakula hao kuku. Mtu akikuuliza "kaka, humu kuna damu? kuna nguruwe?" hauliziwi umbea. Damu inayomwagika ni najisi, na mnyama anayelishwa najisi wanavyuoni wamemzungumzia tangu zamani, wanamwita jallala, wengi wanataka afungiwe ale chakula safi siku kadhaa kabla ya kuchinjwa. Mimi siyo shehe, siwezi kumpa mtu fatwa kwenye inboksi. Ninachoweza ni kumwambia kilichomo ili akamuulize shehe wake. Muuzaji anayeandika "mchanganyiko maalumu" amemnyima mtu hata hiyo nafasi ya kuuliza.

Mtakutana pia na video za Wazungu zinazosema protini ya wanyama imepigwa marufuku, na wateja watakutumia. Wajibu kwa utulivu. Uingereza ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uligunduliwa mwaka 1986, ukasambazwa kwa ng'ombe kulishwa nyama na mifupa ya ng'ombe wenzao. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ukafunga karibu protini zote za wanyama kwa mifugo yote, unga wa samaki ukabaki kwa kuku na nguruwe. Mwaka 2021 wakalegeza, wakaruhusu kuku walishwe protini ya nguruwe na ya wadudu. Kwa hiyo hatari iliyowatisha ilikuwa kwa wanyama wanaocheua. Ndiyo maana kwenye kila mfuko wangu, hata wa nusu kilo, naandika kwa maka peni: SI KWA NG'OMBE, MBUZI WALA KONDOO. Kuna mteja ana kuku na ana ng'ombe wa maziwa, akiona neno "protini" anagawa kote.

Sasa jambo ambalo najua tutabishana kwenye komenti. Sinunui uduvi kwa ajili ya kuku. Nimeombwa na watu wenye kiwanda kidogo cha chakula huko mjini, kwa bei ya maana, tani kwa tani. Nimekataa. Uduvi kule Delta ni mboga. Mama asiye na hela ya samaki anachukua fungu la uduvi, anaunga na nazi, watoto wanakula ugali. Tukianza kununua kwa magunia ili broila wa Dar wanenepe, bei ya fungu inapanda kwa mama huyo, na sisi tunaoitwa wasomi wa mtandaoni ndiyo tutakuwa tumeipandisha. Dagaa wa Kanda ya Ziwa wameshapita njia hiyo, mzigo mwingi unaishia kwenye viwanda vya vyakula vya mifugo na wanaobaki wa kula wanagombewa. Kichwa cha kamba ni tofauti. Ni kama theluthi ya uzito wa kamba, na hapa kilikuwa kinatupwa kinanuka ufukweni. Kukipa bei ni kumwongezea mtu kipato bila kumpunguzia mtu sahani. Uduvi ninaouza nauza kwa watu, umepepetwa, kwenye pakiti safi, na faida yake kwa kilo inazidi ya kuku. Mtu akisema namnyima mvuvi soko, sawa, tujadili, ila aje na bei ya fungu sokoni Kibiti mkononi.

Tangazo langu linasomeka hivi, lichukue ulibadilishe: "Vichwa vya kamba vilivyosagwa, kutoka Delta ya Rufiji. Vimeanikwa kwenye chanja, havina damu, havina nguruwe. Vina chumvi, usiongeze chumvi nyingine kabla hujauliza. Usizidishe kilo 5 kwenye kilo 100. Vinasaidia dagaa au soya, havichukui nafasi yake yote. Wiki ya mwisho kabla ya kuuza kuku, acha kuvitumia, nyama isije ikanuka samaki. Si kwa wanyama wanaocheua." Na tarehe ya kusaga. Hakuna asilimia, kwa sababu sijapima kila mzigo. Ukitaka kuandika asilimia, peleka sampuli TVLA, Temeke, ulipie upimiwe, halafu uposti karatasi yenyewe ikiwa na namba ya mzigo huo huo. Sheria ya vyakula vya mifugo ipo tangu 2010 na inamgusa hata anayeuza, siyo anayetengeneza tu, kwa hiyo mpitie afisa mifugo wa wilaya kabla hajakupitia yeye.

Kuna watu wanaliona tangazo hilo refu na la kutisha wateja. Kweli, wapo wanaosoma wanaondoka. Wanaobaki wanauliza maswali ya maana, wananunua kilo 5, wanarudi na 25. Wiki hii mmoja wa Kongowe ameniuliza, "kaka mbona mwenzako anasema 60 na wewe husemi kitu?" Nikamjibu amuombe mwenzangu karatasi ya maabara na video ya glasi ya maji. Hakurudi kwa siku mbili, halafu akatuma hela kwenye lipa namba bila hata kusalimia.

La mwisho ni la usafirishaji, maana mtaniuliza. Mabasi ya barabara ya Kilwa hayapendi huu mzigo kwa sababu ya harufu, na kondakta akiunusa anaushusha au anakupiga bei ya abiria mzima. Tia kwenye nailoni nene, funga, toa hewa, tia kwenye nailoni ya pili, ndipo uweke kwenye kiroba. Usiufunge ukiwa na joto la kutoka kwenye mashine ya kusaga, uache upoe usiku mzima ukiwa umetandazwa, la sivyo unatoa jasho ndani na ukungu unaanzia njiani. Andika jina la mpokeaji pande zote mbili, na simu yake, siyo yako tu.